Mama, Sikuwa Nimefunga

Mama,

Nyumba yako imeanza kunuka panya. Nakupa habari hiyo kwanza kwa sababu najua ndiyo ungeniuliza kabla ya nyingine zote. Tulipofungua mlango juzi, mimi na mama mdogo, walitimua mbio hadi juu ya kenchi, na mama mdogo akasema, "Dada yangu angekuwepo, hawa wangepanga foleni ya kutoka." Nikacheka. Halafu nikaenda nje nikajifanya natafuta ufagio.

Mwaka umekwisha. Tumekuja Kasulu kumaliza matanga yako. Shughuli imekuwa leo, watu wameshaondoka, na jua bado lipo. Nimekaa kwenye kitanda chako, nimeegemea ukuta ule uliousiliba kwa udongo mwekundu mwenyewe ukikataa nisikusaidie. Mama mdogo yuko nje anaongea na majirani. Nimesema nina barua ya kuandika. Hakuuliza ya nani.

Tangu uondoke naishi Kibondo, kwake. Unamjua mdogo wako, yule uliyekuwa unamwita Katoto hata alipokuwa na mtoto wake mwenyewe. Mume wake anaendesha lori la Manyovu, nyumbani anafika kama mgeni. Kwa hiyo tuko watatu: mama mdogo, mimi, na binti yake Leokadia, ambaye yuko darasa la sita na mdomo wake umemtangulia umri. Nimeingia kidato cha tatu. Kibondo asubuhi kuna baridi kuliko huku, ukungu unakaa kwenye mikaratusi mpaka tunafika shuleni. Hakuna aliyenijua nilipokuwa mdogo. Hilo ndilo sikulitegemea, mama. Kwamba naweza kuishi mahali ambapo hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka kwamba niliogopa kuku.

Ninachotaka kukueleza ni habari ya kula. Sina mwingine wa kumweleza yote.

Unakumbuka koo lako lilivyoanza kuziba. Wewe uliyelisha stendi nzima ya Kasulu, makondakta, wapiga debe, akina mama wa Manyovu na mafurushi yao, ukawa huwezi kumeza chakula chako mwenyewe. Kwanza ugali ulikataa. Kisha wali. Kisha viazi vya kuponda. Mwisho ukabaki uji wa ulezi, nao vijiko vichache, na kila kijiko unakifumbia macho kama mtu anayevuka maji. Ukishindwa, unanisukumia bakuli unasema, "Rya, mwananje." Kula, mwanangu. "Kula wewe, nikuone."

Basi nilikuwa nakula mbele yako. Ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyoungwa mawese, dagaa, vitu ulivyonifundisha kupika mwenyewe. Na wewe unatazama. Mkono wangu ukienda sahani, macho yako yanaenda. Ukirudi mdomoni, yanarudi. Hukuwa na wivu, najua. Lakini mimi niliona aibu, mama. Niliona aibu kuwa na koo zima.

Hapo ndipo nilipoanza kula kadiri unavyokula wewe. Ukila vijiko vichache, na mimi vichache. Nilikwambia nimeshakula stendi, ukanishukuru kwa kukuondolea mashaka. Siku uliyokataa hata maji, na mimi maji yalinipita kwa shida. Sikujua kama huo ni ugonjwa. Nilidhani ni kukusindikiza.

Ukafa, na mimi nikaendelea kukusindikiza.

Kwenye msiba hakuna aliyeshangaa. Mfiwa hali, kila mtu anajua hivyo. Majirani walileta vyakula siku zote zile ambazo kwetu hatukuwasha moto, wakanibembeleza, nikabana tonge mkononi mpaka likapoa, wakasema mwacheni, ataanza mwenyewe. Sikuanza. Nilipofika Kibondo nilikuta kwa mama mdogo kila mtu ana sahani yake. Siyo kama sisi na sinia letu. Mama mdogo anapakua, kila mtu anachukua ya kwake, mmoja anakaa mlangoni, mwingine anakaa na redio, mwingine uani. Mimi nilichagua uani, kwenye kuku.

Najua unataka kuuliza kama nilisikia njaa. Nilisikia sana. Mtu asiyekula hafikirii kitu kingine, mama. Darasani mwalimu anachora ubaoni, mimi naona sufuria zako zikitokota. Lakini njaa ile ilikuwa kama mtu niliyetoka naye nyumbani. Nikila, inaondoka, nabaki peke yangu kwenye nyumba ya watu. Nikiiacha, iko nami. Sijui kama unanielewa. Kuna muuguzi, nitakueleza habari zake; nilipomwambia hivyo, aliacha kuandika akanitazama.

Nilikonda. Shuleni wasichana walinipenda kwa jambo hilo. "Modo kapita jamani!" Nikipita wanajipanga pembeni kama watu wa maonyesho. "Shoga, tupe siri, na sisi tupate kiuno." Wavulana wao walikuwa na yao: "Yusta, upepo ukija shika nguzo." Nilicheka nao. Kisha nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Siku zangu zikakoma, sikumwambia mtu. Nilikuwa natetemeka kwenye jua la saa sita nimevaa sweta, na kupanda ule mlima wa kutoka kisimani nilisimama mara nyingi nikijifanya natazama mandhari.

Sasa sikia jambo lililotokea kanisani, maana hili hata wewe ungelicheka kabla ya kulilia.

Mama mdogo anasali kwenye lile kanisa la bati lililo juu ya kilima, ambako wanafunga na kuomba sana. Jumapili moja baada ya ibada walitugawia chai na mihogo ya kuchemsha. Mimi nilishika kikombe tu. Leokadia akaniona, na unajua nimekwambia kuhusu mdomo wake. Akapaza sauti mbele ya akina mama wote: "Mbona dada Yusta hali? Hata nyumbani hali!" Mama mmoja akamkatiza: "Nyamaza wewe. Hujui mwenzio yuko kwenye mfungo?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Nilitazama chai.

Ikawa hivyo. Wiki ile habari ikazunguka: mtoto wa marehemu dada yake Mama Leokadia amefunga. Ana mzigo wa maombi. Tangu afiwe na mama yake hajashiba, anamlilia Mungu. Akina mama wakaanza kunijia na mambo yao. Mmoja aliniletea jina la mwanawe aliyepotelea Mwanza, nimwombee. Mwingine alikuwa anatafuta kupata mtoto. Walinishika vidole, vilivyokuwa vyembamba, kama watu wanaoshika kitu cha madhabahuni. Mama mdogo akawa anatembea amenyoosha shingo. "Huyu ni wa dada yangu," anasema. "Kanyamaza hivi mnavyomwona, ndani kunawaka moto."

Kadiri nilivyokonda, ndivyo walivyoniheshimu. Nikizimia kidogo kwenye wimbo, wanasema nimejazwa Roho. Nilikaa ndani ya heshima ile peke yangu, mama, kama mtu aliyefungiwa ghalani kwa makosa na huko nje watu wanaimba kwa furaha. Nilitaka mmoja tu aulize. Mmoja aseme, mtoto huyu mbona anakwisha?

Kisha mama mchungaji akaniomba nitoe ushuhuda siku ya vijana, niwatie moyo wenzangu wafunge. Nilikubali. Nilikuwa sina nguvu ya kukataa kitu.

Asubuhi ya siku hiyo mama mdogo alikuwa amekaanga maandazi. Leokadia alikaa mezani, mikono mapajani, hagusi. Mama yake akamwambia ale, tutachelewa. Akajibu, "Na mimi nimefunga. Kama dada." Tumbo lake lilinguruma tukasikia wote, akajishika kwa mikono miwili, akacheka. Mama mdogo naye akacheka, akafurahi, akasema Mungu ni mwema.

Mimi sikucheka. Niliitazama mikono yake juu ya tumbo lile la mtoto. Njia nzima kwenda kanisani alikuwa mbele yangu, anaruka mitaro, na mimi namtazama miguu.

Nilipoitwa, nilipanda mbele, wakapiga makofi na ngoma. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Yalipotea. Nilimwona Leokadia mstari wa mbele, midomo imemkauka, ananitabasamia. Nikasema, "Mimi sikuwa nimefunga."

Watu wakasema amina. Walidhani ndio mwanzo wa ushuhuda. Nikarudia. "Sijafunga hata siku moja. Nashindwa kula. Nataka, nashindwa. Leokadia, nenda nyumbani ukale."

Vijana wa nyuma wakacheka kwa pua. Mzee mmoja akaanza kukemea pepo la mauti litoke. Mama mchungaji akamnyooshea kiganja, anyamaze. Akanisogelea, akaniuliza, "Tangu lini, mwanangu?" Kanisa zima likasikia swali lake, kwa sababu alikuwa ameshika kipaza sauti. Akakizima, akauliza tena taratibu.

Nikamwambia, "Tangu mama akiwa hai."

Nyumbani mama mdogo alinigombeza kwanza. Usimlaumu. "Umenivua nguo mbele ya kanisa," alisema. "Nitapita wapi?" Akazunguka chumba, akapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Halafu akakaa sakafuni, akasema kwa sauti yake ndogo, ile nadhani alikuwa akiongea nayo mlipokuwa watoto: "Nimekaa nakupikia. Miezi yote hii nakupikia. Nimemzika dada yangu kwa kukosa kula, halafu mtoto wake anafia kwenye sahani yangu, na mimi nashukuru Mungu." Akalia. Nikataka kumshika, nikaogopa. Leokadia ndiye aliyekwenda, na andazi mdomoni.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Tulipokelewa na muuguzi mmoja, mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Mama mdogo akaanza kueleza habari ya kufunga, ya mapepo, ya wasichana wa shule na umodo wao. Muuguzi akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, huu ni ugonjwa. Una dawa, ila dawa yake ni ndefu." Walinilaza. Walinipa chakula kidogo kidogo, kwa sababu mwili uliozoea njaa ukishindiliwa unaweza kuumia. Nilipotoka wakaniambia niwe narudi kuongea naye. Bado naenda. Mara nyingine tunaongea habari zako tu, jinsi ulivyokuwa unaonja mchuzi kwenye kiganja, na saa inaisha.

Mama mdogo alikusanya sahani zake zote akaziweka kabatini. Tunakula pamoja sasa, sinia moja, watatu. Kwenye sinia hakuna pa kujificha: upande wa kila mtu unaonekana unavyopungua. Wa Leokadia unaisha haraka, wangu unabaki umesimama. "Dada, kwako kuna mlima," ananiambia. "Chonga barabara basi, lori la baba lipite." Siku nyingine nachonga. Siku nyingine nalia na ugali unapoa, na wanakaa nami mpaka mchuzi unaganda, hakuna anayenyanyuka. Mara moja niliusukuma ule ugali ukaanguka. Mama mdogo aliokota, akaenda kusonga mwingine.

Lakini sitakudanganya nikasema nina watu. Akina mama wale walioshika vidole vyangu, wengi wananisalimia kwa mbali. Yule wa mwanawe wa Mwanza alinisimamisha sokoni, akasema, "Kwa hiyo hukumwombea?" Nikamwambia nilimwombea, kweli nilimwombea, kila siku. Akatikisa kichwa akaenda zake. Shuleni nimeongezeka uso kidogo, wamesema, "Modo kastaafu." Nilipokuwa siwezi kula nilikuwa na majina mazuri. Nilipoanza kula nikabaki Yusta tu, na huyo hakuna anayemtafuta.

Na kuna jambo baya zaidi, ndilo limenifanya nikae kukuandikia. Kila tonge nililomeza Kibondo niliona kama nakuacha njiani. Kama tulikuwa tunatembea wote na mimi nimeongeza mwendo. Ndiyo maana safari hii niliiogopa. Mama mdogo aliponiambia, "Tutakwenda kumaliza matanga, na wewe ndiye utapika, wewe ndiye mwenye nyumba," sikulala vizuri kwa siku kadhaa.

Jana nilishuka stendi. Kwenye kibanda chako cha chakula sasa anapika mama mmoja Mkongo. Nilisimama mbali. Akaniona, akaniita, "Weye dada, kuya ukule! Unaangalia nini?" Nikamwambia nitakuja siku nyingine. Sombe yake inanukia vizuri, mama. Sikutaka inukie vizuri.

Leo nimepika. Maharage, ugali wa muhogo, sombe, samaki migebuka aliowaleta Mama Zawadi jirani. Kuni zako zile za mwisho, zilizokuwa nyuma ya jiko, ndizo nilizowashia. Watu walijaa uani, wale wale walionilisha kwenye msiba. Tukaweka masinia chini, watu wakanawa, wakakaa. Wakanitazama.

Nilikuwa nimesahau, mama. Mwaka mzima nilikuwa kwenye nyumba ya wengine, nikasahau kwamba kwetu mwenye chakula ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wageni, ili waone hakina kitu kibaya. Wewe ulifanya hivyo bila kuwaza, huku unaongea. Leo wewe hupo, na baba hakuwahi kuwepo, kwa hiyo mwenye chakula ni mimi. Hakuna mkono hata mmoja ungegusa sinia kabla ya wangu. Wazee, watoto, watu waliotoka na njaa mashambani, wote wamekaa na mikono yao iliyolowa maji, wananisubiri mimi nile.

Mama mdogo alifumba macho. Leokadia akaniangalia.

Nikamega. Nikabonyeza tonge, nikachovya kwenye sombe. Likabaki hewani. Mzee Bukuru, yule kondakta wa zamani aliyekuwa anakula kwako kila siku na kulalamika kila siku, akasema, "Yusta, marehemu hakuwa mchoyo hivi! Onja, wenzio tunakufa!" Watu wakacheka.

Nikaliweka mdomoni. Nikasubiri macho yako. Unajua, kila mara huwa yapo. Hata Kibondo yapo, yananifuata mkono. Nikayasubiri, mama, na hayakuja. Nilimwona Mzee Bukuru na meno yake, niliona watoto wa Mama Zawadi wanasukumana, niliona moshi wa jikoni. Nilikuwa nakula na wewe hunitazami. Sijawahi kuwa mpweke namna ile. Hata siku tuliyokuzika.

Nikameza. Likashuka.

"Karibuni," nikasema, na mikono yote ikaingia.

"Chumvi imezidi kidogo," Mama Zawadi akasema akitafuna, na mwingine akamjibu aache malalamiko yake ale. Nikamega tena. Safari hii hakuna aliyekuwa ananingoja. Nilikula mpaka upande wangu ukaonekana chini. Sikumaliza, lakini chini kulionekana.

Baadaye nilikwenda nyuma ya jiko, hofu ikanijia kama kawaida, tumbo limejaa na kichwa kinaniambia nimefanya ubaya. Mama mdogo akaja akakaa karibu nami na ungo wa maharage. Alichambua, na mimi nikachambua, mpaka ile hofu ikachoka ikaniacha.

Mama, nadhani ulikuwa unanitazama kwa sababu ulitaka kuona chakula kikishuka mahali. Nadhani ulishiba kidogo kupitia kwangu. Na mimi nilielewa kinyume. Sasa umeshapumzika na huna haja tena ya kula, na mimi bado ninayo. Siwezi kukusindikiza zaidi ya hapa. Nimefika mwisho wa njia ninayoweza kutembea nawe na kurudi.

Nakuahidi jambo moja dogo, kwa sababu makubwa siyawezi bado. Basi letu la Kibondo linaondoka asubuhi. Nimechemsha viazi vitamu, vipo kwenye mfuko hapa mlangoni, vyangu peke yangu, mama mdogo na Leokadia wana vyao. Tukifika Makere basi husimama, watu hushuka kununua ndizi. Hapo nitavitoa nivile. Nikishindwa kuvimaliza nitamwambia mama mdogo kwamba nimeshindwa, na tukifika nyumbani nitajaribu tena.

Lala, mama yangu. Mlango nitaufunga vizuri, na Mama Zawadi ameahidi kuleta paka.

Mwanao,
Yusta